Siku Niliyojua Kufunga Kamba za Viatu

Mwezi uliopita nilimpokonya mchungaji mtoto mbele ya kanisa zima.

Sikupanga, rafiki yangu. Nilikwenda Njiru kwa heshima ya mdogo wangu tu. Mimi na makanisa tuliachana nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu, tena bila ugomvi, kama watu waliochoka kusalimiana. Mdogo wangu alikuwa anamweka wakfu mtoto wake wa kwanza. Mchungaji, kijana mwenye suti ya buluu na sauti tamu, akamnyanyua mtoto juu ya kichwa chake na kuuliza kwenye maikrofoni, "Je, mnampa Bwana?" Watu wakajibu, "Tunampa!" Akauliza tena, "Mnampa kabisa?" "Kabisa!" Miguu ya mtoto ilikuwa inaning'inia, soksi moja imechomoka. Nadhani ni ile soksi iliyoniponza. Nilipojitambua nilikuwa mbele, mtoto kifuani pangu, na mchungaji ameshika hewa.

"Dada," akasema kwa upole, maikrofoni bado inasikika, "ni maombi tu."

Kwake yalikuwa maombi tu, nami sina haki ya kumlaumu. Kanisa lote lilinikodolea macho. Mdogo wangu aliona haya hadi akajifunika uso kwa programu ya ibada. Mama, aliyekaa safu ya tatu, hakunitazama. Alikuwa akitazama viatu vyake.

Ngoja nikueleze nilikotoka, labda utanisamehe kabla yao.

Nilikulia Jericho, mtaa wa Nairobi. Kama ulikulia Eastlands miaka ile ya tisini, utanielewa nikikuambia kwamba kwa muda mrefu nilidhani maandiko yote yaliandikwa kuhusu mitaa yetu. Sisi tulikuwa Jericho, ng'ambo kidogo tu ni Jerusalem, tulikokuwa tukitumwa mafuta ya taa. Mwalimu wa watoto kanisani aliposema kuta za Jericho zilianguka, nilikimbia nyumbani kuangalia ukuta wetu. Ulikuwa umesimama, pamoja na maandishi yake ya "Usikojoe hapa." Nikaona mwalimu amedanganywa na mtu.

Tuliishi chumba kimoja cha nyumba za kanjo, yaani baraza la jiji, na jiko tulilolitumia pamoja na majirani, kwa hiyo ulijua jirani anakula nini kabla hajakaa kula. Jioni upande wetu ulinuka mboga ya mrenda iliyotiwa munyu, chumvi ya kienyeji, upande wa pili githeri ya mahindi na maharagwe. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha magodoro, na daima alirudi na vipande vya sponji kwenye nywele, ambavyo nilivitoa kimoja kimoja akiwa anakunywa chai. Mama alifuma sweta za watoto wa mtaa. Nyanya, mama yake mama, alikuwa ametoka magharibi kuja kukaa nasi siku chache, na siku chache hizo hazikuisha mpaka alipokufa.

Nyanya ndiye aliyenifunga viatu. Kila asubuhi ya shule ya chekechea aliketi kwenye kigoda, akauweka mguu wangu gotini kwake, akafunga kamba taratibu kama mtu anayesuka nywele. Nikitaka kujaribu mwenyewe, alinipiga kofi dogo la mkono. "Mguu hauna haraka, mjukuu," alisema. "Haraka ni ya kichwa." Siku moja alizificha kamba, nikaenda shuleni viatu vimeachama kama samaki. Siku nyingine alirudi kutoka sokoni na viatu vya plastiki visivyo na kamba kabisa. Mama alivitazama vile viatu, akamtazama nyanya, akavirudisha sokoni. Mimi nilifikiri ni ugomvi wa viatu.

Aliyenifundisha ni msichana wa jirani, aliyenizidi mwaka mmoja na akili za miaka kumi. Tulikuwa tukicheza bladda, mchezo wa kuruka mpira uliovutwa miguuni, chini ya kamba za nguo, zile nguo za Jumamosi zinazokupiga usoni zikiwa bado na maji, kiatu changu kikafunguka. Nikasema ngoja niende kwa nyanya. Akaangua kicheko.

"We! Bado unafungwa na shosho? Toto jinga!"

"Sijui kufunga."

"Kaa chini. Fanya kitanzi. Zungusha. Pitisha hapa mlangoni. Vuta. Si hivyo, mjinga, vuta!"

Nilivuta mara ishirini. Mara ya ishirini na moja fundo lilikaa. Rafiki yangu, sijawahi kupata shahada yenye utamu ule. Nilikimbia ndani nikipiga kelele, "Mama, njoo uone! Nimejifunga!"

Mama alikuwa akipima unga wa ugali kwa kikombe. Aligeuka, akatazama viatu vyangu, kikombe kikamponyoka, unga ukamwagika sakafuni na juu ya miguu yake. Hakuinama kuuzoa. Nyanya ndiye aliyetangulia kusema, tena kwa mnong'ono mkali ambao sikuwahi kuusikia kwake.

"Fungua. Fungua haraka, mama yako hajaona."

Lakini mama alikuwa ameona.

Jambo ambalo Jericho yote ililijua, isipokuwa mimi, ni hili. Kabla yangu mama alizika watoto watatu, hata mmoja hakufika mwezi. Baada ya wa tatu alipelekwa kwenye kanisa dogo Lucky Summer, moja ya yale makanisa ya kanzu nyeupe na ngoma yaliyokuwa yakizunguka mitaani Jumapili, bendera mbele na vumbi nyuma. Kiongozi wake alikuwa mwinjilisti mwanamke. Mama alilia pale, akaweka nadhiri ya yule mama wa kwenye maandiko aliyekuwa tasa: nikipewa mtoto akaishi, nitamrudisha kwa Bwana akae nyumbani mwake. Mimi nikazaliwa, nikaishi.

Sasa maandiko yanasema mtoto alipelekwa alipoachishwa ziwa. Wazee wa kanisa wakakaa wakaona kipimo hicho hakifai Nairobi, ambako mama huachisha mtoto mapema arudi kazini. Mtoto wa hivyo hawezi hata kushika ufagio. Wakapima, wakaomba, wakapata kipimo chao: siku mtoto atakapojifunga kamba za viatu vyake mwenyewe, siku hiyo ana uwezo wa kutumwa, na Jumapili ya kwanza aletwe. Ndiyo sheria waliyoitunga, watu wazima, wenye familia, wanaofanya kazi viwandani na kulipa kodi. Mpaka leo, nikiwaza, napigwa na butwaa upya. Miaka yote ya chekechea nyanya alikuwa akinishikilia nyumbani kwa vidole vyake viwili, na mimi nilikuwa nikimpiga teke nijifunze.

Jioni ya Jumamosi ile mama aliniketisha katikati ya magoti yake, akanichana nywele. "Wewe nilikuomba," alisema nyuma ya kichwa changu. "Na kesho nakurudisha." Niliuliza wapi. Akasema nyumbani kwa Bwana. Nikauliza kama ni Jerusalem, kwa sababu huko nilikujua. Kitana kiliendelea kupita mahali pale pale palipokwisha kuchanwa.

Baba alibeba sanduku. Nilimuuliza njiani kama naye atabaki. "Nadhiri ni ya mama yako," alisema. "Mimi ni wa kubeba sanduku tu." Kwa miaka mingi nilimchukia kwa neno hilo kuliko nilivyomchukia mama kwa nadhiri yake.

Lucky Summer wakati ule ilikuwa viwanja vitupu, mabati mapya na ule udongo mweusi unaoshika kiatu mpaka ukiinua mguu unainua na shamba. Upepo ukigeuka ulileta moshi wa takataka za Dandora. Asubuhi king'ora cha kiwanda upande wa Baba Dogo kililia, na watu wakapita kwa kundi, wakinuka sabuni ya kipande. Kanisa lilikuwa la mabati, na nyuma yake chumba kimoja cha mwinjilisti. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye viganja vikubwa na pengo la mbele, na hakuvaa viatu, kiangazi wala masika. Usiku wa kwanza tuuache. Maandiko nayo yameuacha. Nimetafuta kote, hakuna mahali panaposema kama yule mtoto wa hekaluni alilia.

Hakuwa mkali, nisimsingizie. Alinipeleka shule ya karibu, akanipa kazi zangu: kunyunyiza maji sakafuni kabla ya kufagia, kuchota maji kibandani kwa mtungi mdogo, kuzisuuza kanzu kwenye maji ya bluu mpaka vidole vikawa vya maiti, kupuliza pasi ya makaa. Jumapili niliwasha karatasi na kuipasha ngozi ya ngoma moto mpaka ikaze, kazi niliyoipenda kwa sababu ngoma ikishaiva ilinuka kama mbuzi wa Krismasi. Mzee wa ngoma, aliyekuwa wa pili kwa mwinjilisti, aliijaribu kwa kidole na kusema, "Imelia. Mtoto wa nadhiri ana mkono." Watu walikuja kutoka Kariobangi, hata Kware kule mbali, kuniona. Walinishika kichwa. Tangu nifike, viti vilikuwa havitoshi.

Watoto wa ploti za jirani walikuwa na maoni yao, na waliniita kwa jina la yule mtoto wa hekaluni.

"Niaje, Ka-Samweli!"

"Usimguse huyo, mkono utakauka!"

"Ebu muombe Mungu wako atuletee chapo. Chapo saba na ndengu."

Wakikaribia mtihani, hao hao walikuja wakinong'ona niwaombee hesabu. Niliwaombea. Walianguka.

Jambo la kuishangaza akili ni moja zaidi. Yule mama wa kwenye maandiko alimtembelea mwanawe mara moja kwa mwaka, akimletea kanzu ndogo. Kwa hiyo na mama yangu angekuja mara moja kwa mwaka, Desemba. Yule wa kale alikuwa na milima ya kupanda. Mama alikuwa Jericho! Ungeweka maharagwe jikoni Lucky Summer, mama angetoka nyumbani, afike, anikumbatie, arudi, na maharagwe bado hayajaiva. Nilimwambia mwinjilisti hivyo hivyo. Akasema, "Mwaka kwa mwaka, mwanangu. Ndivyo ilivyoandikwa." Nikajifunza kuhesabu miezi kabla sijajifunza kujumlisha.

Desemba ya kwanza mama alikuja na sweta ya kijani, aliyoifuma kwa nyuzi za sweta kuukuu ya baba. Na mgongoni alikuwa amebeba mtoto. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Kanisa lilipiga vigelegele: mnaona, ametoa mmoja, Bwana amerudisha! Mimi nilisimama pale na sweta mkononi, nikitazama kile kichwa kidogo kwenye shuka nililolalia mimi. Nilifanya hesabu niliyoiweza: nilikuwa nimebadilishwa. Kichwa kile ndicho kilichokuja kuwa mdogo wangu, ambaye mwezi uliopita nimemharibia sherehe.

Desemba ya pili mama alileta sweta nyingine, ya manjano. Alinivalisha mwenyewe. Iliingia kichwani, ikakwama kwenye viwiko. Alivuta, ikakwama zaidi. Alikuwa ameifuma kwa kumbukumbu, unaelewa, kwa ukubwa wa mtoto aliyemwacha. Aliendelea kuvuta mpaka nikasema, "Mama, inaumiza." Akaiacha pale pale, mikono yangu imefungwa juu kama mfungwa, akaenda akasimama ukutani, kichwa kwenye mabati. Mwinjilisti ndiye aliyenivua. Nilimwona akiikunja ile sweta mara nne, akiikunjua, akiikunja tena.

Wiki chache baadaye, tukiwa kwenye karai la kanzu, aliniambia jambo ambalo sikumuuliza. "Mimi nilipoitwa nilikuwa na wanangu wawili," alisema. "Niliwaacha kwa mama yangu, nikafuata sauti. Niliambiwa nisigeuke nyuma, sikugeuka. Miaka kumi." Alikamua kanzu mpaka maji yakaisha, akaendelea kukamua. "Mkubwa siku hizi hunisalimia kama mtu aliyekutana naye stendi."

Nilikuwa na miaka tisa karibu. Nilichofahamu ni kwamba kanzu haikuwa na tone tena, nikaipokea, nikaenda kuianika.

Mimi nilikuwa na mpango wangu. Kanisani kwetu kulikuwa na desturi ya ndoto. Jumapili, kabla ya mahubiri, aliyeota alisimama miguu mitupu, hajala wala hajanywa maji, akaisema ndoto mbele ya wote, na kiongozi akaipima. Ikishapimwa na kukubaliwa, ilikuwa amri: watu walihama nyumba kwa ndoto, walivunja uchumba kwa ndoto, mmoja aliacha kazi ya ulinzi kwa ndoto ya nyoka. Miaka miwili nilikuwa nimekaa chini ya ngoma nikisikiliza. Nilijua ndoto zinazokubalika zina nini. Zina maji, zina mlima, na mtu mwenye nguo nyeupe.

Kwa hiyo Jumapili moja ya Aprili, mvua ikigonga mabati, nilisimama. Sikuwa nimekula. Sehemu hiyo tu ndiyo iliyokuwa kweli.

Nilisema nimeona mlima na maji chini yake. Nilisema mtu mwenye kanzu nyeupe alikuwa amebeba sanduku langu, akitembea mbele yangu, na sanduku limefunguka, nguo zinaanguka moja moja, nami naziokota, ninaziokota, mpaka nikafika kwenye ukuta, na ukuta ulikuwa haujaanguka. Yule mtu akageuka akaniambia, "Rudi ulikotoka."

Mabati yalisikika peke yake. Nilikuwa nimetamka uongo kwa jina la Mungu na nilikuwa nikingoja mkono ukauke.

Mzee wa ngoma alisimama kwanza. "Ndoto ya mtoto hutoka tumboni," alisema. "Huyu ana njaa. Mpeni uji." Watu wakacheka, naye akacheka. Kisha akaacha kucheka, akamgeukia mwinjilisti. "Tena nadhiri hairudi, Mama. Aliyepewa Bwana amepewa. Tukimrudisha huyu, kesho tutamwambia nani atoe nini?"

Mwinjilisti alinitazama usoni, kisha miguu yangu mitupu. Halafu akasema, "Leteni viatu vyake."

Vililetwa kutoka mlangoni, vimejaa udongo mweusi. Aliniketisha kwenye benchi la mbele, mahali ambapo kila jicho liliniona, akaniwekea viatu miguuni.

"Vaa. Funga kamba."

Nami, mjinga wa kutii, nikafunga. Miaka miwili nilifundishwa kutii, mikono haikuniuliza. Kitanzi, zungusha, pitisha, vuta. Kiatu cha kulia kilikaa vizuri kama cha askari. Nilipoinua kichwa nimpe tabasamu, nikaona uso wake, ndipo nikakumbuka kipimo chao, na jinsi nilivyofika pale. Nilijiona nimejifunga pale milele kwa mikono yangu mwenyewe.

Yule mwanamke alipiga magoti. Kiongozi wa kanisa, kanzu yake nyeupe kwenye sakafu niliyoinyunyizia maji asubuhi. Alivuta ncha ya kamba, fundo langu likafumuka. Kisha akawageukia watu.

"Hajui," alisema.

Mzee wa ngoma alitoa sauti kama mtu aliyekanyaga moto. "Mama! Si tumemwona?"

"Umeona nini, baba?"

"Amefunga! Kanisa lote limeona!"

"Mimi ndiye niliye karibu," alisema mwinjilisti. "Mtoto hajui kufunga. Aliletwa kabla ya wakati wake. Kosa lilikuwa letu."

Akakifunga mwenyewe, kwa vile viganja vikubwa, fundo baya, la mtu ambaye havai viatu. Akafunga na cha pili. Na kanisa zima, rafiki yangu, watu waliokuwa tayari kumkemea nyoka wa ndotoni, lilinyamaza likitazama jambo lililoonekana kwa macho likikanushwa na mtu waliyemwamini kuliko macho yao. Nilishtuka kuliko wote. Nilikuwa nimedhani mimi ndiye mwongo wa siku hiyo.

Nilipogeuka mlangoni, mama alikuwa amesimama pale, amelowa chapachapa, mfuko mtupu mkononi.

Jumapili iliyofuata mzee wa ngoma aliondoka na ngoma, na zaidi ya nusu ya watu wakaifuata kwenda mtaa wa pili. Mwinjilisti alibaki na bendera na akina mama wachache walioimba kwa makofi. Hayo tuliyasikia tukiwa Jericho, ambako watoto walinipokea kwa heshima zote. "Umerudi? Kwani mbinguni walikufukuza?" Nyanya, asubuhi ya Jumatatu, alivuta kigoda chake, akapiga goti lake mara mbili kwa kiganja. Nikaweka mguu. Alinifunga viatu mpaka nikawa darasa la saba, msichana mzima anayechekwa, na sikumwondolea mguu hata siku moja.

Nilikua nikijua jambo moja kwa hakika: nilijiokoa. Juu ya uongo ule mmoja nimejenga maisha yangu yote ya maswali. Niliamini kwamba anayesema amesikia sauti ametunga, kwa sababu mimi nilitunga, na nikafaulu. Chuoni nilikuwa nikilitumia kama silaha. Mtu akiniletea habari za wito, nilimwuliza, mlima ulikuwepo? Maji je?

Basi mwezi uliopita, baada ya aibu yangu, mama alinikuta nje ya kanisa la Njiru, kwenye viti vya plastiki. Alikaa. Watu walikuwa ndani wakila pilau ya mtoto. Nilitaka kumwomba msamaha, ikatoka hasira. Nilimwambia kama si ile ndoto niliyoitunga ningeozea kule.

Mama alinigeukia, na uso wake ulikuwa na mshangao wa kweli.

"Ulidhani ni ndoto yako?"

"Ni nini basi?"

"Sasa mimi nilikuwa nafanya nini pale mlangoni Aprili? Mimi wa Desemba?"

Miaka yote hii, mtu wa kuuliza kila kitu, sikuwahi kuliuliza hilo.

"Alikuja Jericho Alhamisi," mama alisema. "Kwa miguu, hana viatu. Nilikuwa nafuma. Alinipigia magoti, mwanamke yule. Akaniambia, Jumapili njoo umchukue mtoto, uje na mfuko wa kutilia nguo zake. Nikamuuliza, Bwana amekwambia? Maana mimi nilikuwa naogopa, wale watatu nilikuwa bado nawaona. Akasema hapana. Akasema ameomba tangu siku ya sweta na hajajibiwa kitu. Akasema safari hii hangoji kuambiwa."

Ndani walianza kuimba. Mama alikunja leso yake mara nne, akaikunjua.

"Na watu angewaambia nini?" niliuliza.

"Hakujua. Alisema atajua akifika."

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Unaona, ningeweza kuishi na mwanamke aliyedanganywa na mtoto. Ningeweza hata kuishi na mwanamke aliyeitambua ndoto ya uongo akaihurumia. Huyu, ambaye kwa sauti aliyodai kuisikia aliwaacha wanawe miaka kumi, alikuja akafikia mahali pasipo na sauti yoyote, akatembea miguu mitupu kutoka Lucky Summer mpaka Jericho kwa shauri lake mwenyewe, akijua atapoteza kila alichokinunua kwa wale watoto wawili. Nimesoma vitabu vingi juu ya imani na juu ya kuikosa. Sijakutana na jina la kitu hicho.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Lucky Summer kumtafuta. Najua, nimechelewa. Mahali palipokuwa kanisa pana ghorofa, nguo zinaning'inia kila kibaraza. King'ora sikukisikia. Mlinzi wa geti akaniuliza kama natafuta nyumba.

"Natafuta kanisa."

"Gani, madam? Hapa yako matatu. Chini, juu, na lile la jamaa wa keyboard."

Nilimweleza: la mabati, la mwanamke mrefu asiyevaa viatu. Akatikisa kichwa, yeye ni wa juzi. Mama wa mboga pale nje ndiye aliyekumbuka kidogo. Alisema alikufa zamani, akazikwa kwao magharibi, na kwamba mwanawe mkubwa alikuja kuchukua vitu vyake. Havikujaza hata mkokoteni.

Nilipima kwa macho. Mlango ulikuwa hapa, karibu na geti. Ngoma ilikuwa pale, wanapoegesha pikipiki. Niliinama nikafungua kamba, nikavua viatu, nikasimama kwenye saruji. Sikuomba. Nilisimama tu, baridi ikipanda miguuni, mpaka mlinzi akaanza kuona haya kwa niaba yangu. Halafu nikavaa viatu, nikaanza kuondoka.

"Madam!" aliniita. "Kamba! Utaanguka!"

Nilitazama chini, ncha zinaburuta kwenye udongo ule ule mweusi.

"Sijui kufunga," nikamwambia, nikaendelea kutembea.